Kukariri si Kuandika

Msomaji kijana, kuna maradhi yaliyoingia katika madarasa yetu yakiwa yamevaa joho la bidii, na kwa sababu ya joho hilo walimu na wazazi huyapigia makofi badala ya kuyatafutia dawa. Maradhi hayo ni kukariri insha. Mwanafunzi hupewa, au hununua, karatasi zenye insha zilizokwisha kuandikwa na mtu mwingine. Huzimeza neno kwa neno usiku kucha, na siku ya mtihani huzitapika zilivyo, swali liwe limeulizwa au halikuulizwa. Maradhi haya yana pacha wake, nalo ni zoea la kusoma mwongozo wa kitabu na kukiacha kitabu chenyewe rafuni. Mimi ni mwalimu wa shule, nami nasema kwamba mazoea haya mawili ni ugonjwa mmoja, na kwamba dawa yake i karibu nasi na bei yake ni ndogo: kusoma riwaya fupi, nzima, kwa macho yako mwenyewe. Ukikubaliana nami, vema. Usipokubaliana, nisikilize mpaka mwisho, kisha unipinge kwa hoja.

Kwanza nieleze jambo lililonifanya nishike kalamu. Nilipomaliza chuo cha ualimu nilikwenda kufundisha katika shule moja ng'ambo ya Likoni. Jumatatu moja niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu methali isemayo kuwa haraka haraka haina baraka, nikawataka waitungie kisa kwa muda wa dakika 50. Nilikuwa na matumaini makubwa. Watoto wale, au wazazi wao, walivuka kwa feri karibu kila siku ya Mungu. Walikuwa wamewaona watu wakiteremka mbio kuelekea majini feri ikiwa tayari imeanza kuondoka. Walikuwa wameona kiatu kikiachwa nyuma, mtoto akiponyoka mkononi, kapu la mchuuzi likipinduka. Nilidhani methali ile imetungwa kwa ajili yao.

Nilikusanya madaftari 43. Katika insha moja baada ya nyingine nilisoma habari za jua lililochomoza mashariki, ndege walioimba matawini, na upepo mwanana uliopunga. Baada ya hayo alitokea kijana tajiri wa Nairobi aliyeendesha gari la kifahari kwa kasi, akapata ajali, akajuta. Kijana huyo alikufa mara nane katika madaftari yale, na mara nyingine sita alivunjika mguu. Feri ilitokea katika insha moja tu. Aliyeiandika alikuwa msichana mnyamavu wa viti vya nyuma. Alieleza jinsi shangazi yake, muuza mahamri, alivyoikimbilia feri alfajiri ili awahi wateja wake wa kisiwani, akajikwaa, na beseni zima likamwagika juu ya chuma chenye maji ya chumvi. Akavuka mikono mitupu, akarudi kwa feri ile ile. Insha ile haikuwa na jua wala ndege, na ilikuwa na makosa matatu ya tahajia. Niliipa alama 17 kwa 20, nazo zilikuwa za juu kabisa darasani. Msichana alipopokea daftari lake alinijia mezani akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, kwani mambo ya feri yanaruhusiwa katika insha?"

Swali lile limenikaa moyoni hata leo. Mtoto wa miaka kumi na sita alikuwa amekwisha kufundishwa kwamba maisha yake hayastahili wino. Kwamba insha ni mahali pa matajiri wa miji ya mbali, na kwamba shangazi yake na beseni lake hawana ruhusa ya kuingia humo. Nani alimfundisha hivyo? Hapana mwalimu aliyesimama mbele yake akatamka maneno hayo. Alifundishwa na zile karatasi za kukaririwa, moja baada ya nyingine, tangu shule ya msingi. Hii ndiyo hasara ya kwanza ya kukariri, nayo ni kubwa kuliko hasara ya alama. Alama hupotea mara moja; macho yaliyofundishwa kutojiona hupotea kwa miaka.

Nami sikuzaliwa na hekima hii. Nilipokuwa kidato cha nne nilikariri hotuba moja nzuri juu ya madhara ya dawa za kulevya, ambayo niliuziwa na mtu aliyeapa kwamba haikosi kutokea. Siku ilipofika swali la lazima lilitaka barua kwa mhariri wa gazeti juu ya usalama wa barabara. Nilishikwa na kizunguzungu. Kwa kuwa sikuwa na kitu kingine kichwani, niliigeuza hotuba kuwa barua na madereva nikawafanya walevi wote, ili nipate kuingiza sentensi zangu nilizozilipia. Aliyesahihisha hakudanganyika. Ndugu msomaji, mtu aliyekariri insha kumi ameziba milango kumi, na mtihani huingia kwa mlango wa kumi na moja. Nguo ya kuazima haikosi kumbana mvaaji, nayo humbana mahali panapoonekana.

Sasa na tuigeukie dawa. Riwaya fupi ni nini? Wengi hujibu kwa kuhesabu kurasa, wakasema ni kitabu chembamba. Jibu hilo ni la muuza karatasi. Ufupi wa riwaya hii hautokani na uchache wa kurasa. Uchache wa kurasa ndio unaotokana na namna ilivyojengwa. Riwaya ndefu huweza kuchukua ukoo mzima, vizazi vitatu na miji minne, ikakaa kando ya njia kutueleza habari za jirani kisha ikaendelea. Hadithi fupi hukamata tukio moja, labda saa moja ya maisha ya mtu, ikaliachia. Riwaya fupi imesimama kati yao. Huchukua mgogoro mmoja mkubwa, watu wachache, mahali pachache, ikauongoza mgogoro huo tangu chanzo mpaka hatima bila kugeuka nyuma. Ina nafasi ya kumbadilisha mtu mbele ya macho yetu, lakini haina nafasi ya kupoteza.

Mkazi wa Likoni anaweza kuielewa kwa haraka kuliko profesa. Riwaya ndefu ni meli itokayo Bandari ya Kilindini kwenda India, yenye siku nyingi za bahari mbele yake. Hadithi fupi ni kuruka mtaro. Riwaya fupi ni feri. Mkondo ni mwembamba, meli kubwa hupita katikati yake, maji yanavuta upande mmoja, na abiria wamesimama wima wakiutazama upande wa pili. Nahodha hana ruhusa ya kutembeza watu baharini. Ajua gati alilotoka, ajua gati aendalo, na kila anapogeuza usukani hugeuza kwa ajili ya gati hilo la pili.

Tazama mifano. John Steinbeck, mwandishi wa Marekani, alitoa The Pearl, yaani Lulu, kuwa kitabu mwaka 1947, na wanafunzi wengi wa Kenya wamekisoma kama kitabu teule cha Kiingereza. Kina sura sita tu. Kino ni mzamiaji maskini wa La Paz, nchini Mexico. Mtoto wake aumwa na nge. Tabibu akataa kumtibu kwa sababu baba hana fedha. Kino apata lulu kubwa isiyo na mfano. Lulu ile yaleta wanunuzi wadanganyifu, wezi wa usiku, moto na damu. Mwishowe mtoto auawa, na lulu yarudishwa baharini. Hatuambiwi Kino alifunga ndoa lini. Hatuambiwi babu yake alikuwa nani. Yote tunayoambiwa yanaielekea lulu, au yanatokana nayo. Mwana wa mvuvi wa Likoni akisoma kitabu hicho hahitaji mtu wa kumweleza mchuuzi anavyoshusha bei ya mali ya maskini, maana amekwisha kumwona.

Mfano wa pili ni wa kwetu. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951. Ndani yake mna safari sita, na mwandishi asiye makini angalizifanya vitabu sita. Shaaban Robert amezifunga zote kwa kamba moja, nayo ni kesi. Karama ameshtakiwa na Waziri Majivuno, na katika kujitetea husimulia habari za wajumbe waliotumwa nje ya nchi, wakarudi na mashauri mema, wakalipwa kifungo. Kila safari ni hadithi, lakini kila hadithi ni hoja ya mshtakiwa yule yule mbele ya baraza lile lile. Mwanafunzi anayelalamika kwamba hajui kuunganisha aya zake na asome kitabu hicho, kisha ajiulize: kamba yangu iko wapi?

Mfano wa tatu u mlangoni petu, nao ni jibu kwa wale wanaodhani kwamba upande wetu wa bara hauna la kuandikwa. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS walianzisha makazi ya watumwa waliokombolewa mahali palipoitwa Freretown, kaskazini ya kisiwa, katika Kisauni ya zamani ambayo sehemu yake sasa ni Nyali. Kengele ya makazi hayo ingali pale kando ya barabara, na abiria wa matatu hutaja Kengeleni kila siku bila kuuliza ni kengele gani. Katika jamii ile alitoka James Mbotela, mwana wa mtumwa aliyekombolewa, na mwaka 1934 kitabu chake kidogo, Uhuru wa Watumwa, kilichapishwa London. Wako wanaokihesabu kuwa riwaya ya kwanza ya Kiswahili. Wako wanaosema ni historia iliyotiwa sura ya hadithi. Wahakiki wamemlaumu Mbotela kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi, na lawama hiyo ina uzito. Lakini ni nani awezaye kumlaumu kwa haki, au kumtetea kwa haki? Ni yule aliyemsoma. Msomaji wa mwongozo hana ila kurudia lawama ya mwingine kwa maneno ya mwingine, na huko ni kukariri kwa mara ya pili.

Yamkini unajiuliza: haya yote yanahusu nini na dakika zangu za mtihani? Yanahusu sana. Mtihani wa KCSE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, umezoea kumpa mtahiniwa wa Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili saa moja na dakika 45 ili aandike insha mbili, moja ya lazima na moja ya kuchagua, kila moja ikiwa na maneno yasiyopungua 400 na alama 20. Mitaala huja na kuondoka, lakini saa ya ukutani haibadiliki. Mwandishi mwenye dakika chache na karatasi chache yumo katika hali ile ile ya mwandishi wa riwaya fupi: ana mkondo mwembamba na abiria wanaongoja. Kwa hiyo mafunzo ya riwaya fupi ni mafunzo ya saa ya mtihani, nami nayataja manne.

Funzo la kwanza ni kuchagua mgogoro mmoja. Methali inapotaka kisa, usilete ajali, wizi, mafuriko na harusi katika kurasa mbili. Beseni moja la mahamri linatosha.

Funzo la pili ni kuanzia karibu na jambo lenyewe. Steinbeck hamngojeshi nge. Humleta katika sura ya kwanza. Wewe unapotumia aya nzima kuamka, kuoga, kupiga mswaki na kunywa chai, umetumia robo ya safari ungali gatini. Anza shangazi akiwa tayari anakimbia.

Funzo la tatu ni kuujua mwisho kabla ya kuandika mwanzo. Insha nyingi hazianguki mwanzoni, huanguka pale mwandishi anapoona dakika tano zimebaki, akamwamsha mhusika wake kitandani na kusema kwamba yote yalikuwa ndoto. Huo ni ukimbizi. Aliyejua gati lake hahitaji ndoto.

Funzo la nne ni kutumia kitu unachokijua badala ya sifa usizozijua. Gari la kifahari ambalo hujawahi kulipanda litakuwa na rangi nyeusi na mwendo wa kasi, basi. Lakini mtoto wa Changamwe ajua malori ya makontena yanavyotikisa vioo vya dirisha usiku. Ajua utingo anavyopiga bodi la gari kwa kiganja. Ajua ndege inavyopita chini juu ya mapaa ya Port Reitz mwalimu akanyamaza mpaka iishe. Mambo hayo hayanunuliwi katika karatasi, na msahihishaji aliyekwisha kusoma jua likichomoza mara mia ataketi vizuri akikutana nayo.

Na dakika zenyewe zigawanye hivi. Una dakika 105. Kila insha ipe dakika 50, na tano zilizobaki zitumie kusoma maswali mpaka uyaelewe. Katika zile 50, nane ni za kufikiri: andika pembeni mgogoro kwa sentensi moja, watu wake, na sentensi ya mwisho. Dakika 35 ni za kuandika. Usiogope, maana maneno 400 katika dakika 35 ni chini ya maneno 12 kwa dakika, mwendo wa mkono usio na haraka. Dakika saba za mwisho ni za kusoma upya kama mtu asiyekujua. Mwanafunzi aogopaye kutoa dakika nane kwa fikira hulipa kumi na tano kwa kufutafuta.

Sasa niwajibu wapinzani wangu, kwa sababu wanayo maneno ya kusikilizwa. Wa kwanza husema: kukariri ni desturi ya pwani yetu. Watoto huhifadhi Kurani chuoni, na wazee wetu walihifadhi tenzi ndefu kifuani. Iweje leo kukariri kuwe aibu? Jibu langu ni kwamba sishambulii kuhifadhi. Hifadhi methali, hifadhi misamiati, hifadhi tenzi ukiweza. Utakuwa na birika la maji la kumwagilia shamba lako. Lakini malenga aliyehifadhi tenzi mia, akialikwa kujibizana, hajibu kwa utenzi wa mwenzake akauita wake. Angezomewa. Kuhifadhi kwake kulimlea mpaka akaweza kutunga. Kukariri kwenu kumewekwa mahali pa kutunga.

Wa pili husema: wakati hautoshi, masomo ni mengi, mwongozo ni njia ya mkato. Mimi namwuliza, mkato kwenda wapi? Riwaya fupi ya kurasa mia moja, ukisoma kurasa kumi kila jioni, huisha kwa siku kumi. Mwongozo husomwa siku mbili na kusahauliwa kwa moja, kisha husomwa tena na kusahauliwa tena, maana orodha ya dhamira na sifa za wahusika haina mahali pa kushika akilini mwa mtu asiyewajua wahusika wenyewe. Mwongozo ni rafiki mwema akija baada ya kitabu. Akija kabla yake ni mtu anayekueleza utamu wa samaki ili wewe usile.

Wa tatu ni mwalimu mwenzangu. Yeye husema kwa masikitiko kwamba shule hupimwa kwa alama, wazazi hungoja alama, mwalimu mkuu huuliza alama. Naye akiacha kugawa insha za kukariri na mwenzake asiache, atalaumiwa. Huyu namwonea huruma, maana mzigo wake naubeba mimi pia. Hata hivyo namkumbusha kwamba msahihishaji ni mwalimu kama yeye. Insha moja ikimfikia kutoka kwa watahiniwa ishirini wa shule moja, haoni werevu ishirini. Aona mwalimu mmoja aliyeandika na watoto ishirini walionyamaza.

Naam, msomaji kijana, uamuzi wa mwisho si wa mwalimu wala wa mzazi. Ni wako, kwa kuwa chumba cha mtihani huingii na mtu. Fanya jaribio hili, nalo halihitaji fedha nyingi. Katika muhula mmoja soma riwaya fupi moja tangu jalada mpaka jalada. Ukiimaliza, isome tena ukiuliza mwandishi ameacha kusema nini na kwa nini. Kisha kila Jumamosi weka saa mezani, chukua methali moja, na kwa dakika 50 andika kisa kilichotokea mtaani kwako, Mtongwe au Mishomoroni au Magongo, pasipo kutazama karatasi ya mtu. Insha ya kwanza itakuwa mbaya. Ya pili itakuwa mbaya kidogo. Ya sita mpe rafiki yako aisome, umtazame uso.

Yule msichana wa Likoni nilimjibu swali lake. Nilimwambia kwamba mambo ya feri yanaruhusiwa, na mambo ya shangazi, na mambo ya mahamri yaliyoloa maji ya chumvi. Ila tahajia, nilimwambia, arekebishe. Alicheka, akarudi kitini, akachukua kalamu. Nawe chukua yako.